Tarakimu Sitini

Mikese ni mahali pa kupitiwa. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, hupita hapo. Barabara kuu iendayo bara hupita hapo. Na upande wa kusini-magharibi milima ya Uluguru imekaa kimya ikitazama vipitavyo. Aghalabu kifikacho Mikese kimeanzia kwingine. Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalipoiteka Morogoro na kuifanya Mikese kuwa kituo cha kushushia shehena ziendazo Duthumi na Rufiji kwa mabega ya wapagazi. Watu hao waliitwa kwa jina la kijeshi la Kiingereza ambalo midomo yao ililifinyanga upya hadi likawa Kariakoo. Amri ziliandikwa mbali, nao wakazitekeleza kwa miguu.

Mwaka 2024 zilifika Mikese, kama zilivyofika kila mji na kijiji cha Tanzania Bara chenye umeme wa kulipia kabla, tarakimu sitini. Mteja wa LUKU aliyezoea kununua umeme na kupewa tarakimu ishirini za kubonyeza kwenye mita yake, safari hii alipewa mafungu matatu ya ishirini ishirini. Mafungu mawili ya mwanzo hayakuwa na umeme ndani yake hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuibadilisha mita yenyewe. Fungu la tatu ndilo lililobeba uniti alizozilipia. Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliwatangazia wateja wafanye hivyo kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Na agizo la namna hiyo lilitolewa katika nchi nyingi duniani, kwa kuwa mita hizo zafuata kanuni moja ya kiufundi iliyoasisiwa Afrika Kusini.

Sababu yake ni nzuri kuisikia, na lastahili kuelezwa polepole. Kila fungu la umeme la tarakimu ishirini hubeba ndani yake, pamoja na kiasi cha umeme, alama ya wakati lilipotolewa. Alama hiyo ni hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka alama zilizopita, ili mtu asiingize fungu moja mara mbili akapata umeme asioulipia. Lakini waliobuni kanuni hiyo waliitengea hesabu ya dakika nafasi ishirini na nne tu za sifuri na moja, na nafasi hizo haziwezi kubeba zaidi ya dakika 16,777,216. Ni miaka thelathini na mmoja na miezi kumi na kitu. Siku hesabu itakapojaa, itarudi sifuri, na kila umeme utakaonunuliwa baada ya hapo utaonekana kwa mita kuwa ni wa zamani mno. Mita itaukataa. Haitakuwa imeharibika, itakuwa inatii ilichoambiwa na watu wa mwaka 1993.

Sasa mchukulie mama mmoja mwenye duka dogo kando ya barabara ya Mikese, mwenye jokofu la soda na maji kwa ajili ya abiria. Umeme umemwishia saa mbili usiku. Amenunua kwa simu, na ujumbe umeingia. Anamulika mita kwa kurunzi ya simu hiyo hiyo anayopaswa kuisoma. Akianza na fungu la tatu kwa kuwa ndilo lenye umeme, mita italikataa, maana limefungwa kwa ufunguo mpya ambao mita bado haijapewa. Ikiwa analo fungu la zamani alilolinunua wiki iliyopita akaliweka akiba, na akatangulia kuingiza yale mawili ya mabadiliko, basi akiba ile haitaingia tena. Hana wa kumuuliza. Mhandisi aliyeliandika agizo yuko mbali, au amekwisha lala, au alistaafu zamani. Kilichobaki mkononi mwa yule mama ni maandishi, na maandishi hayaulizwi yakajibu. Plato alilinung'unikia jambo hili kwa kinywa cha Sokrate yapata miaka elfu mbili na mia nne iliyopita, kwamba maandishi hufanana na picha ya mtu: yaonekana hai, lakini ukiyauliza swali hunyamaza kwa heshima kubwa.

Swali la kimaadili limo hapo, nalo si swali la mitambo. Msomaji asipoelewa, deni ni la nani?

Watu wa pwani wana jibu la zamani la swali hili, na ni jibu la washairi. Fumbo mfumbie mjinga, wasema wahenga, mwerevu huligangua. Katika ushairi deni ni la msomaji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika zama za mzozo wa Wamazrui na Seyyid Said, alitunga beti zilizowapita baadhi ya wasikilizaji juu ya vichwa na kuwachoma wengine moyoni, na hakuna aliyemdai maelezo. Fumbo humheshimu mjuzi. Humpa kazi, na kazi hiyo ndiyo starehe yake. Huchagua hadhira yake, na asiyeambulia kitu hakudhulumiwa, kwani hakuahidiwa chochote. Anaweza kulala salama bila ya kuligangua, na asubuhi jokofu lake litakuwa baridi vilevile.

Agizo halina uhuru huo. Limemwahidi mtu kitu, tena mara nyingi limekwisha chukua fedha yake. Kumfumbia ni kumnyima haki yake kwa njia ya lugha. Na mithali ile ikitumiwa kwenye agizo hugeuka kuwa ukatili, kwa sababu hudai kwamba asiyeelewa ni mjinga. Yule mama wa Mikese si mjinga. Anajua bei ya ndizi ya msimu huu na ya msimu ujao, anajua ni basi gani husimama na lipi hupiga honi tu likapita, na anaendesha vitabu viwili vya madeni, kimoja cha karatasi na kimoja cha kichwani. Asichokijua ni kile ambacho mwandishi alikijua akadhani kila mtu anakijua.

Lakini lisidhaniwe kuwa pwani imejua fumbo tu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumuusia bintiye. Mengi yamesemwa juu ya utendi huo, na wasomi wa leo huugombania kwa sababu ya mafunzo yake juu ya wake na waume. Hayo yana mahali pake. Linalofaa hapa ni hali ya mtunzi. Alijua kwamba siku binti atakapohitaji wasia, mama hatakuwapo wa kuulizwa. Kwa hiyo alimwita karibu, akamwambia aje na wino na karatasi, akaenda jambo baada ya jambo. Ushairi ule una bahari na vina kama utendi mwingine wowote, na bado hauna kiza. Mtunzi anayejua kuwa hatakuwapo huandika namna nyingine kabisa na mtunzi atarajiaye kusimama ukumbini akipigiwa makofi.

Mhandisi wa programu ni mwandishi wa aina hiyo ya kwanza, ingawa wachache wao huwa wameambiwa hivyo. Programu huandikwa mara moja na kusomwa miaka mingi, na wasomaji wake ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mashine, ambayo haihitaji adabu yoyote. Wa pili ni binadamu: mhandisi mwingine atakayeirithi kazi, na nyuma yake mwananchi atakayeutumia mtambo. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa hoja mwaka 1984 kwamba programu ichukuliwe kuwa ni kazi ya fasihi, na kwamba shughuli kuu ya mwandishi wake iwe kuwaeleza watu kile anachotaka mashine ifanye. Hoja hiyo iliwashangaza wengi. Mtu aliyesoma vitabu vya fiqhi vya visiwani hapaswi kushangaa, maana amekwisha ona matini katikati ya ukurasa na hashiya pembeni.

Wahandisi nao wana hashiya zao: maneno yaandikwayo ndani ya programu ambayo mashine huyaruka bila ya kuyasoma, yaliyokusudiwa binadamu peke yake. Hashiya mbaya hurudia yaliyokwisha onekana, kama mwalimu anayesoma ubaoni kile ambacho wanafunzi wamekwisha nakili; matini yasema ongeza moja, nayo pembeni yasema hapa tunaongeza moja. Hashiya njema husema lile ambalo matini haiwezi kulisema, yaani kwa nini. Dakika zahesabiwa tangu 1993, nafasi zitajaa Novemba 2024, atakayekuwapo ajiandae. Kwa sifa ya waliobuni kanuni ya mita, mpaka huo uliandikwa ndani ya kanuni yenyewe, ukasomwa na wengine, na dawa yake ikawekwa humo humo: hesabu ianze upya kutoka mwaka mwingine. Mamilioni ya watu ulimwenguni hawakuingia kizani siku ya tarehe 24 kwa sababu mtu fulani aliandika sentensi iliyo wazi alipokuwa hana haja nayo yeye mwenyewe. Hakuna atakayemjengea sanamu. Kazi ya namna hiyo ikifanikiwa haionekani.

Yafaa kuingia kidogo katika sarufi, kwani huko ndiko deni hufichwa. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na ni kauli ya ajabu kwa uzuri wake: chombo kimevunjika, kamba imekatika, mambo yameharibika. Mtendaji ametoweka bila hata ya kuachiwa nafasi ya kutajwa. Mtoto wa miaka minne huijua faida yake siku ya kwanza anapoangusha kikombe. Mitambo nayo imeijua. Muamala umeshindikana, husema ujumbe kwenye simu. Tafadhali jaribu tena. Umeshindikana kwa nani? Fedha imetoka au imebaki? Nikijaribu tena nitakatwa mara mbili? Maswali hayo matatu ndiyo yote yaliyomo kichwani mwa msomaji, na ujumbe hauna jibu la hata moja. Mhandisi anayajua majibu, au anaweza kuyajua: kuna matendo yaliyopangwa ili yakirudiwa yasizidishe athari, na kuna yasiyopangwa hivyo. Sentensi moja ingetosha: fedha yako haijakatwa. Kwamba haikuandikwa si suala la ufundi. Ni kwamba mwandishi alikuwa akiueleza mtambo wake, naye msomaji alikuwa akiulizia fedha yake.

Saa nayo ni mtego wa peke yake. Mashine huhesabu saa kutoka usiku wa manane; Mswahili huhesabu kutoka mapambazuko na kutoka machweo. Tangu Juni 2024, treni za umeme zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, reli mpya hupita nchi ile ile ya Mikese iliyopitwa na ya zamani, na anayeifasiri ratiba ya mashine kwa Kiswahili kwa kubadilisha maneno bila ya kubadilisha hesabu, saa 12:00 ya adhuhuri ataigeuza kuwa ya alfajiri au ya magharibi. Maneno yote yatakuwa sahihi, na abiria atakuwa amebaki na mzigo wake. Mfano mkubwa wa kosa la jamaa hii ulitokea mbali zaidi, Septemba 1999, chombo cha Marekani kilipopotea kilipofika kwenye sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikavisoma kama vya mfumo wa mita. Namba zilikuwa sawa. Hakuna upande uliouhakikishia mwingine ni namba za nini.

Juu ya msamiati mengi yamezozaniwa, na mengine bure. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kuzifasiri programu huria kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux, mwaka 2004, wapenzi wa lugha wamebishana juu ya kompyuta na tarakilishi, nywila na neno la siri. Mjadala huo una ladha yake. Lakini mbele ya mita usiku, neno bora ni lile ambalo msomaji analo tayari, liwe limetoka Uarabuni, Uingereza au Uluguru. Watumiaji wa fedha za simu hawakusubiri baraza lolote. Walisema salio, wakala, namba ya siri. Na walipogundua kuwa anayetumiwa fedha hukatwa ada anapoitoa, wakazua maneno matatu ambayo hakuna mhandisi aliyeyafikia kwa ufupi na adabu: na ya kutolea. Mtu akimwomba nduguye elfu ishirini na ya kutolea, hesabu nzima ya ada imekwisha elezwa.

Hapa hoja ingeweza kukoma, kwa furaha: uwazi ni haki, kiza ni dhuluma, na waandishi wa mitambo wajifunze kwa Mwana Kupona. Kwa bahati mbaya upo ujumbe mmoja unaoiharibu furaha hiyo. Umezunguka katika simu za Tanzania kwa miaka, na kila mtu anaujua: ile hela tuma kwenye namba hii. Ukiupima kwa kanuni zote za uandishi bora, ujumbe huu hauna kasoro. Ni mfupi. Hauna neno gumu. Unasema tendo moja, na msomaji anajua la kufanya mara moja. Ni maandishi ya wizi, na yameandikwa vizuri kuliko matangazo mengi ya watu waaminifu.

Siri yake imo katika neno moja, ile. Kiashiria hicho katika Kiswahili hutaja kitu kilicho mbali, lakini pia hutaja kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakifahamu wote wawili. Ile safari, yule bwana, ile hela. Mwizi hamfahamu anayemwandikia. Ameazima neno la watu wanaofahamiana, na kwa herufi tatu amejenga undugu usiokuwapo. Mtu aliyekuwa na hela ya kutuma siku hiyo, kwa karo ya mtoto au kwa fundi, huijaza mwenyewe nafasi iliyoachwa. Fumbo na uwazi vimekutana hapo: sentensi nyeupe kabisa ambayo maana yake imefichwa kwa makusudi. Kwa hiyo uwazi wa maneno peke yake hauwezi kuwa ndio wema wenyewe. Pana kitu kingine kinachotakiwa.

Kitu hicho kinaweza kutafutwa kwenye miteremko ile ile inayoonekana kutoka Mikese. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Uluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Agizo halikuwa na utata wowote. Kila mtu alilielewa: chimba. Lakini kazi ilikuwa kubwa mno, na katika mashamba mengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule ulio hai, na waliolijua hilo kwa majembe yao hawakuwa na mahali pa kulisemea. Mwaka 1955 zilizuka ghasia huko Matombo, na mradi ukaachwa. Waliotoa amri wangeweza kusema kwa haki kabisa kwamba waliandika wazi. Walichokinyima ni sababu. Na anayetoa sababu hujiweka mahali pa kujibiwa. Ukimwambia Mluguru matuta haya ni kwa ajili ya kuuhifadhi udongo wako, umempa haki ya kukuonyesha kwamba hayauhifadhi.

Hapo ndipo yaonekana tofauti ya maandishi matatu. Amri ya matuta haikutaka kujibiwa. Ujumbe wa ile hela hauwezi kuhimili swali hata moja; ukiuliza hela ipi, umekwisha. Agizo la mita, likielezwa pamoja na sababu yake, huhimili maswali yote ambayo yule mama angeliuliza laiti mwandishi angelikuwapo. Wapo watakaosema sababu ni mzigo, kwamba mwananchi hataki kusikia habari za dakika na mwaka 1993, anataka umeme. Ni kweli hahitaji hesabu yote. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba mawili ya mwanzo yanaifungulia mita, na la tatu ndilo lenye uniti, ameshapewa sababu kwa maneno machache. Na fungu la tatu likikataliwa, atajua mwenyewe kuwa moja kati ya mawili ya mwanzo halikuingia sawasawa. Aliyeambiwa tu bonyeza haya, haya na haya, atasimama gizani na mita yenye kuandika kosa. Sababu humfanya msomaji aweze kulitengeneza agizo likivunjika, jambo ambalo mwandishi, kwa kutokuwapo kwake, hawezi kumfanyia.

Visiwani, ambako mita za namna hiyo zajulikana kwa jina la Tukuza, na bara ambako ni LUKU, tarehe 24 Novemba ilipita. Kwa mujibu wa kanuni ile, hesabu mpya ya dakika imeanzia mwaka 2014, na nafasi zake ni zile zile ishirini na nne. Zitajaa mwaka 2045. Atakayepewa kazi ya kuandika tangazo la mwaka huo huenda hivi sasa yuko darasa la pili mahali fulani, anafundishwa kupanga sentensi.